Chakula Kipo, Mbona Njaa Haiishi?

ELIMU KWA UMMA
Maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kwa wakazi wa Ibadakuli, Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita

Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga. Ndipo ulipo uwanja wa ndege wa mkoa, na ndipo pia majembe yanapoingia shambani mvua za Novemba zikianza. Ukienda Kahama na kupitiliza hadi Geita, unaingia ukanda wa dhahabu. Ukanda wote huu una pamba, mpunga, ng'ombe, almasi na dhahabu. Hata hivyo, kati ya Desemba na Machi zipo kaya zinazopunguza milo zikisubiri mavuno.

Makala haya yanajibu maswali ambayo wananchi huuliza kuhusu njaa: kwa nini haiishi, inahusianaje na maamuzi yanayofanyika mbali na hapa, na nani anawajibika kwa lipi. Jibu kwa ufupi ni hili: dunia ina chakula cha kutosha. Watu wanakosa njia ya kukifikia, iwe ni kipato, barabara, ghala, bei ya haki au amani. Njia hizo hufunguliwa na kufungwa kwa maamuzi ya watu, na mtu aliyeamua anaweza kuulizwa.

1. Tunaposema njaa, tunasema nini hasa?

Wataalamu hutofautisha hali tatu, na ni vizuri kuzijua kwa sababu kila moja ina tiba yake.

*Baa la njaa.* Hutangazwa pale ambapo angalau kaya 20 katika kila 100 zimeishiwa kabisa chakula, angalau watoto 30 katika kila 100 wana utapiamlo mkali, na angalau watu 2 katika kila 10,000 wanakufa kila siku. Vigezo hivi vitatu vilitimia Somalia mwaka 2011, ambako watu wapatao 260,000 walikufa, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano.

*Njaa sugu.* Mtu hali chakula cha kumtosha kwa mwaka mzima. Hafi leo, ila nguvu zinapungua, maradhi yanamzoea, na mtoto haendelei darasani.

*Njaa iliyojificha.* Tumbo limejaa ugali lakini mwili umekosa protini, madini na vitamini. Hii ndiyo iliyoenea zaidi nchini kwetu, na ndiyo inayozaa udumavu na upungufu wa damu.

2. Ni watu wangapi wana njaa duniani?

Ripoti ya mashirika matano ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Julai 2025 inakadiria kwamba watu milioni 673 walikuwa na njaa mwaka 2024, sawa na asilimia 8.2 ya watu wote duniani. Afrika peke yake ilikuwa na watu milioni 307, zaidi ya mmoja katika kila watano. Watu bilioni 2.6 hawakuweza kumudu gharama ya mlo kamili.

Asia njaa inapungua, lakini Afrika inaongezeka. Ripoti hiyo inatabiri kwamba ifikapo mwaka 2030 watu milioni 512 bado watakuwa na njaa, na karibu asilimia 60 yao watakuwa Waafrika.

Kwa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa karibu nusu. Tumesogea, lakini bado karibu mtoto mmoja katika kila watatu anaanza maisha akiwa nyuma.

3. Kwani dunia haizalishi chakula cha kutosha?

Inazalisha. Mavuno ya nafaka duniani ni takriban tani bilioni 2.8 kwa mwaka. Ukiyagawa kwa watu wote, kila mmoja, hata mtoto mchanga, anapata karibu kilo moja kwa siku, kabla hujahesabu mihogo, viazi, ndizi, kunde, samaki, nyama na maziwa. Sehemu kubwa ya nafaka hiyo inalishwa mifugo na nyingine inageuzwa mafuta ya magari. Halafu kuna upotevu: asilimia 13 hivi ya chakula hupotea kati ya shamba na soko, na mwaka 2022 tani zaidi ya bilioni 1 zilitupwa madukani, mahotelini na majumbani.

Mchumi Amartya Sen aliichunguza njaa ya Bengal ya mwaka 1943 iliyoua watu kati ya milioni 2 na milioni 3. Alikuwa mtoto huko wakati huo. Alipopitia takwimu za mavuno, alikuta kwamba mchele wa mwaka ule haukupungua sana kuliko miaka iliyotangulia. Kilichotokea ni kwamba vita vilipandisha bei ya mchele, na ujira wa vibarua wa mashambani ukabaki palepale. Waliokufa ni wale ambao kazi yao haikuweza tena kununua chakula kilichokuwapo sokoni.

Jambo hilo linatuhusu moja kwa moja. Anayeponda mawe machimboni, kibarua wa palizi na mama lishe wote hula kutokana na walichopata siku hiyo. Bei ya debe la mahindi ikipanda na ujira usipande, njaa inaingia nyumbani kwao hata kama ghala la jirani limejaa.

4. Kwa nini Shinyanga njaa imekuwa ikirudi mara kwa mara?

Sababu ya kwanza ni mvua. Sehemu kubwa ya mkoa hupata kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, na mara nyingi mvua hukatika Januari au Februari, wakati mahindi yanabeba. Mtama, uwele na mihogo hustahimili ukame huo vizuri zaidi. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana waliweka michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, wakakausha nsansa, yaani majani ya kunde, na kulinda kihenge cha mtama. Mahindi yalipotawala mashamba, kinga hiyo ilipungua.

Sababu ya pili ni ardhi iliyochoshwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilifanya Shinyanga kituo cha utafiti wa ndorobo chini ya Charles Swynnerton, na mapori makubwa yalifyekwa na kuchomwa ili kuwaondoa wadudu hao. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka na mifugo ikaongezeka. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa uwanda mtupu, na Mwalimu Nyerere aliifananisha hali yake na jangwa.

Sababu ya tatu ni soko. Mkulima mwenye deni huuza mpunga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, tena kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Miezi sita baadaye hununua chakula kwa bei ya juu kutoka kwa mtu aliyeweza kusubiri.

Lakini Shinyanga ina ushindi wake pia, na unafaa kufundishwa shuleni. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa fedha za serikali na msaada wa Norwei. Badala ya kuleta utaratibu mgeni, mradi ulirudisha ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Sheria zake ziliwekwa na dagashida, yaani vikao vya jadi vya wanakijiji, na kulindwa na walinzi wa jadi wa sungusungu. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Ulipokwisha mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa katika vijiji 833. Malisho, kuni, asali, dawa na matunda ya porini vilirudi pamoja na miti. Fedha za nje zilisaidia, ila kazi ilifanikiwa kwa sababu wananchi walikuwa na mamlaka juu ya ardhi yao. Huu ni mfano wa uwajibikaji wa dunia na wa wenyeji ukishikana vizuri.

5. Ukanda huu una dhahabu. Mbona bado kuna njaa?

Almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Utajiri upo, lakini haufiki sufuriani wenyewe.

Rashi ya dhahabu inapotokea, vijana huacha jembe katikati ya msimu. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likitoa, fedha zipo. Lisipotoa, kijana hana mavuno wala ujira. Watu wakijaa machimboni, bei ya unga, mafuta ya kula na kodi ya chumba hupanda kwa wote, hata kwa mjane asiyehusika na dhahabu. Kisha kuna zebaki ya kukamatia dhahabu. Inayomwagika pale wanapooshea mchanga wa karasha hufika majini, ikaingia kwenye samaki, na humdhuru zaidi mtoto aliye tumboni kwa kuathiri ubongo wake unapokua. Kwa hiyo samaki aliyetakiwa kumlinda mtoto dhidi ya utapiamlo anaweza kumletea madhara mengine.

Sheria imeweka njia mbili za kurudisha sehemu ya utajiri huo kwa wananchi. Kwanza, kampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mauzo yake. Pili, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanailazimu kampuni ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kuupeleka halmashauri ukubaliwe. Katika mipango hiyo yamejengwa madarasa na zahanati nyingi. Wananchi wana haki kuomba iingizwe pia skimu ya umwagiliaji, ghala la mazao, mashine ya kusindika unga wenye virutubishi na chakula cha shule.

6. Kama njaa ni kukosa chakula, mbona mikoa inayolima sana ina udumavu mkubwa?

Iringa, Njombe na Rukwa hulisha nchi kwa mahindi, viazi na maharage. Katika utafiti wa mwaka 2022, Iringa iliongoza kwa udumavu, watoto 57 hivi katika kila 100. Njombe na Rukwa zilikuwa karibu na nusu.

Mwili wa mtoto unahitaji mayai, dagaa, maziwa, kunde, mboga na matunda pamoja na ugali. Unahitaji mama asiyebeba mizigo mizito akiwa mjamzito na mwenye muda wa kunyonyesha. Unahitaji pia maji safi, kwa sababu kuhara kunafuta faida ya mlo. Kwa hiyo bomba la maji ya Ziwa Victoria, lililofika Kahama na Shinyanga mwishoni mwa miaka ya 2000, ni sehemu ya vita dhidi ya njaa sawa na trekta.

Siku 1,000, kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto afikishe miaka miwili, ndizo zinazoamua. Udumavu ukishapita umri huo ni vigumu sana kuurudisha nyuma.

7. Dunia imeahidi nini, na ahadi hizo zimefikia wapi?

- 1948: Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu, ibara ya 25, linataja chakula kuwa sehemu ya haki ya kila mtu.
- 1966: Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, ibara ya 11, unatambua haki ya kutokuwa na njaa. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976.
- 1970: Katika Umoja wa Mataifa, nchi tajiri zinakubali kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kwa maendeleo ya nchi maskini.
- 1974: Mkutano wa Chakula, Roma, unaahidi kwamba ndani ya miaka kumi hakuna mtoto atakayelala na njaa.
- 1996: Mkutano mwingine Roma unashusha lengo: kupunguza idadi ya wenye njaa kwa nusu ifikapo 2015.
- 2003: Maputo, nchi za Afrika zinaahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo.
- 2014: Malabo, viongozi wa Afrika wanaahidi kumaliza njaa ifikapo 2025.
- 2015: Umoja wa Mataifa unaweka mwaka 2030 kuwa mwisho wa njaa duniani.

Novemba 1974, ahadi ya Roma ilipotolewa, Tanzania ilikuwa katikati ya ukame mkali, ikitumia fedha zake chache za kigeni kununua nafaka nje. Ilikuwa ndiyo enzi ya kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Waliokuwa watoto wakati huo leo wana wajukuu, na tarehe ya mwisho imesogezwa mara tatu.

Tusikate tamaa kwa hilo. Katika nchi zinazoendelea, sehemu ya watu wenye njaa ilishuka kutoka asilimia 23 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 13 hivi mwaka 2015. Brazili ilianza mpango wa kutokomeza njaa mwaka 2003 kwa kuzipa kaya maskini fedha na kulisha watoto shuleni. Sheria yake ya mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo. Mwaka 2014 nchi hiyo iliondolewa kwenye ramani ya njaa ya Umoja wa Mataifa. Mipango ilipodhoofishwa, njaa ilirudi. Ilipofufuliwa, Brazili iliondolewa tena kwenye ramani hiyo mwaka 2025. Ushahidi huo unatosha kuonyesha kwamba nchi inaweza kuimaliza njaa ikiamua, na kuirudisha ikizembea.

8. Maamuzi ya nchi za mbali yananigusaje mimi wa Ibadakuli?

*Kwa pamba.* Marekani kwa miaka mingi iliwalipa wakulima wake wa pamba ruzuku kubwa, pamba ikazidi sokoni na bei ya dunia ikashuka. Brazili ilishtaki katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002 na kushinda. Mwaka 2014 kesi ilifungwa kwa Marekani kuilipa Brazili dola milioni 300. Wakulima wa Kishapu, Maswa na Bariadi, ambao bei yao pia huangalia soko hilohilo la dunia, hawakuwa sehemu ya makubaliano hayo.

*Kwa mbolea.* Vita vya Urusi na Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilipandisha bei ya mbolea na ngano dunia nzima. Serikali yetu ililazimika kuanzisha ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/23. Fedha hizo zingeweza kujenga maghala.

*Kwa mvua.* Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, lakini mkulima wa hapa ndiye anayepanda mara mbili mvua ikikatika. Mwaka 2022, mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh ulikubali kuunda mfuko wa kufidia hasara na uharibifu. Fedha zilizowekwa hadi sasa ni kidogo mno kulinganisha na hasara yenyewe. Hili si ombi la hisani. Aliyechafua ana wajibu kwa aliyeumia.

*Kwa vita.* Mwaka 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2417, linalolaani kuwanyima raia chakula kama silaha ya vita. Hata hivyo, baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya Zamzam, Sudan, Agosti 2024, na katika eneo la Gaza Agosti 2025. Mashariki mwa Kongo, kwenye udongo wenye rutuba kuliko karibu wote tunaoujua, mamilioni wana njaa kwa sababu mkulima hawezi kulala kwake hadi avune. Kote huko chakula hakikukosekana kwa bahati mbaya, na waliokizuia wanapaswa kujibu.

9. Je, msaada wa chakula ndio jibu?

Msaada huokoa maisha, na anayeudharau hajawahi kuuhitaji. Katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, Kigoma, familia kutoka Kongo na Burundi zimekuwa zikitegemea mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Fedha zilipopungua mwaka 2023, mgao ulishuka hadi nusu ya mahitaji. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilifunga shirika lake la misaada USAID, na shirika hilo la chakula likakadiria mapato yake kupungua kwa asilimia 40. Ile ahadi ya asilimia 0.7 ya mwaka 1970 ilitimizwa na nchi nne tu mwaka 2024: Norwei, Luxembourg, Sweden na Denmark.

Msaada una mipaka yake pia. Chakula cha bure kikifika wakati wa mavuno huua bei ya mkulima. Wazee wa Tabora wanakumbuka dumuzi aliyeonekana mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuitwa Scania kwa jina la malori. Ni mdudu wa Amerika ya Kati, na inaaminika aliingia na mahindi yaliyoagizwa kutoka nje. Hadi leo anageuza gunia zima kuwa vumbi. Msaada bora hununua chakula cha jirani, hulipa kwa fedha pale soko linapofanya kazi, na huacha nyuma maghala, mbegu na maarifa.

Gharama si kisingizio. Mwaka 2020 watafiti wa mradi wa Ceres2030 walikadiria kwamba nyongeza ya dola bilioni 33 kwa mwaka, 14 kutoka kwa wafadhili na 19 kutoka nchi zenyewe, ingewaondoa watu milioni 490 katika njaa ifikapo 2030. Matumizi ya kijeshi ya dunia mwaka 2024 yalikuwa zaidi ya dola bilioni 2,700.

10. Serikali yetu inawajibika kwa lipi?

Ina wajibu wa kuweka akiba. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una kanda yake Shinyanga na hununua nafaka kwa mkulima ili kuiuza kwa bei nafuu kwenye upungufu. Mwananchi anayo haki ya kujua kituo cha ununuzi kiko wapi, bei ni ipi, na mahindi ya nafuu yanapofika yanagawiwa kwa utaratibu gani.

Ina wajibu wa kuwa na sera ya biashara inayotabirika. Juni 2017 usafirishaji wa mahindi nje ulizuiwa, na wakulima wengi wakabaki na mazao yasiyo na bei. Machi 2021 Kenya nayo ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti. Mipaka ikifungwa ghafla, mkulima wa upande mmoja na mlaji wa upande wa pili huumia pamoja.

Na sisi kama taifa tunawajibika kwa wenzetu. Mwaka 2023 Tanzania iliipa Malawi tani 1,000 za unga baada ya kimbunga Freddy. Mwaka 2024 ilikubali kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi wakati wa ukame. Jukumu la dunia si la matajiri peke yao.

Ndani ya nchi, kila halmashauri imeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Kutenga kwenye karatasi hakutoshi. Fedha zinatakiwa zitolewe na zitumike.

11. Nyumbani kwangu nifanye nini?

- Gawa shamba. Weka mtama, uwele, mihogo au viazi pamoja na mahindi, ili mvua ikikatika usikose vyote. Tumia mbegu za mihogo zilizothibitishwa, zinazovumilia batobato na michirizi ya kahawia.
- Kausha kabla ya kuhifadhi. Weka chumvi kavu na mahindi kidogo kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikigandia chupa, mahindi bado mabichi. Anika juu ya turubai, usianike juu ya udongo.
- Punje zilizoota ukungu usizile, usizisage, wala usimpe kuku. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.
- Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa au pipa lililofungwa vizuri. Dumuzi hufa kwa kukosa hewa, bila dawa.
- Piga hesabu ya chakula cha familia hadi mavuno yajayo kabla ya kuuza. Ukiuza, uza kwa mizani, ukatae lumbesa.
- Mpe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha uji wenye karanga, dagaa au maziwa, pamoja na mboga na matunda.

12. Nitajuaje mtoto ana utapiamlo mkali?

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kwa utepe wenye rangi. Kijani, kuanzia sentimita 12.5, ni salama. Njano, kati ya 11.5 na 12.5, ni tahadhari. Nyekundu, chini ya 11.5, ni hatari. Miguu yote miwili ikivimba na kubaki na shimo ukiibonyeza, hiyo nayo ni hatari. Mtoto wa rangi nyekundu au aliyevimba apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Utapiamlo ni ugonjwa unaotibika. Kumficha mtoto kwa aibu ndiko kunakomuua.

13. Nani aulizwe nini?

Katika mkutano wa mtaa au kijiji, uliza: kaya zipi hazina chakula cha kufika mavuno, na nani anazifuatilia? Watoto wangapi wanakula mchana shuleni?

Kwa diwani na halmashauri, uliza: zile shilingi 1,000 kwa kila mtoto, mwaka huu zimetolewa ngapi na zimefanya nini? Mpango wa wajibu wa kampuni za madini una mradi gani wa chakula?

Kwa mbunge, uliza: kilimo kimepata asilimia ngapi ya bajeti, ikilinganishwa na ile 10 ya Maputo? Serikali inasema nini kwenye mikutano ya biashara na tabianchi kuhusu pamba yetu na mvua yetu?

Kwa mashirika na nchi wahisani zinazofanya kazi hapa, uliza: mradi ukiisha, nini kitabaki mikononi mwetu?

Maswali haya hayahitaji elimu kubwa wala cheo. Njoo na wenzako, maana sauti moja hupuuzwa. Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na kikao kijacho kianze kwa kuusoma.